Kang'ethe wa Santuri na Tofali la Yeoville

Wapendwa waombolezaji, mlioketi ndani ya ukumbi huu wa kanisa na mliosimama nje kwenye baridi ya Mei, familia inawaomba simu zinyamaze na watoto wadogo wapelekwe nyuma, kwa sababu yatakayosomwa hapa ni maisha ya Aloysius Kang'ethe Karanja, Baba Sidney, na maisha hayo hayakuwa ya upole, wala mwenyewe hakuwa mtu wa kupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Msomaji ni Nyokabi, mdogo wake wa kike aliyefika kutoka Nakuru, na hakuna neno lililoandikwa humu ambalo mjane, Serah, hakulisikia kwanza na kulikubali. Kuna waliotushauri tufupishe, tuseme tu kwamba marehemu aliugua na akaitwa na Bwana, na hao tumewasikia, tumewapa chai, na tumekataa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1966 huko Molo, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, mtoto wa kwanza wa mzee Karanja, mkulima wa pareto na viazi, na mama Wairimu, na kwa desturi yetu akapewa jina la babu yake mzaa baba, Kang'ethe mkubwa, ambaye alikuwa mpigaji wa wandindi, lile zeze letu la uzi mmoja, na ambaye ulevi wake na zeze lake vilijulikana mteremko mzima. Mtoto alirithi sikio la babu na hasira za babu, vyote kwa pamoja, maana kabla hajaanza shule alikuwa ameshamng'ata binamu yake kwa sababu alimkatiza babu katikati ya wimbo, na alama ya meno hayo binamu anayo hadi leo, ameketi safu ya tatu, mnaweza kumuuliza.

Alianza shule ya msingi ya misheni Januari 1973, na hapo akaangukia mikononi mwa Padre Devaney, Mwayalandi mwenye viganja vipana, aliyechapa watoto kwa fimbo ya mwanzi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, akichapa kwa kuchelewa, kwa kucheka, kwa hesabu na kwa katekisimu, na Jumamosi mchana akafungua dirisha la nyumba yake, akazungusha mkono wa gramafoni na kupiga santuri za kwao. Mwaka 1977 Kang'ethe alivunja kioo cha sakristia kwa mpira, akachapwa hadi ngozi ya viganja ikapasuka, akapelekwa kufyeka majani chini ya dirisha lile akiwa bado anavuja damu, na akiwa hapo amepiga magoti, sauti ya fidla ikatoka ndani. Mtoto akaangusha panga, akasimama wima, akidhani babu yake amefika misheni na ameongeza nyuzi kwenye wandindi.

Hakukimbia, aligonga mlango, na padre, badala ya kumwongezea fimbo, akamweka kwenye kiti akamweleza kwamba watu wanaosikika humo ni maskini wa Ayalandi waliovuka bahari kwenda New York, wakawa wanajenga nyumba, wanaendesha tramu na kulinda milango, na kwamba miaka ile kabla ya maikrofoni waliitwa kwenye chumba kidogo, wakasimamishwa mbele ya pembe kubwa la bati, wakapiga mara moja tu, dakika tatu, sauti ikachimba mfereji kwenye nta, na ukikosea nta inakwanguliwa unaanza upya. Padre alipokuwa akieleza hayo machozi yalimtoka. Marehemu alisema maisha yake yote hakuelewa jinsi mkono uleule ulivyoweza kupasua kiganja cha mtoto na kuishusha sindano juu ya santuri kwa upole namna ile, na hakumsamehe Devaney ile fimbo, na hakuiacha ile fidla.

Baada ya sekondari, aliyomaliza mwaka 1983, alijiunga na chuo cha ufundi jijini Nairobi mwaka 1985, akahitimu stashahada ya elektroniki mwaka 1988, na akaajiriwa kuwa fundi mitambo katika kituo kimoja cha utangazaji, kazi aliyoipenda na aliyoifanya kwa ukali, kiasi kwamba watangazaji walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkurugenzi.

Mwezi wa Aprili 1992, akiwa nyumbani kwa likizo ya Pasaka, ghasia za ardhi zilifika kwetu. Walikuja asubuhi umande ukiwa umeshakauka, wakiwa na mishale na petroli, wakachoma nyumba moja baada ya nyingine, wakamkuta mzee Karanja ghalani akivuta gunia la pareto alitoe motoni, mshale ukamwingia chini ya kwapa, naye akafa akiwa ameketi, amelikumbatia lile gunia. Misheni nayo ilichomwa siku iyo hiyo, gramafoni ya Padre Devaney, ambaye wakati huo alishazikwa nyuma ya kanisa, ikatolewa nje ikapondwa kwa mashoka, na santuri zikarushwa ukutani kwa mchezo, maana santuri za zamani zile si plastiki, ni utomvu wa wadudu uliochanganywa na vumbi la mawe, na zikigonga kitu kigumu hupasuka kwa mlio wake wa pekee na kuwa vipande vyenye makali ya kioo. Kang'ethe aliusikia mlio huo akiwa amelala mtaroni, mkono wake ukiwa mdomoni mwa mdogo wake Nyokabi ili asipige kelele.

Marehemu mwenyewe, alipokuwa hai, aliiomba familia iseme na kinachofuata. Siku mbili baada ya kumzika baba, yeye na vijana wa upande wetu walifunga barabara kwenye njia panda, wakamshika mtu mmoja aliyekuwa akipita na mtungi wa maziwa, asiye na upinde wala panga, wakamzingira, yule mtu akaomba maji, na akapigwa mawe hadi akafa. Mwaka 2010, tulipomzika mama huko Nakuru, Kang'ethe alimvuta dada yake nyuma ya nyumba akamwambia, "Nilirusha, Nyokabi. Sijui kama ni langu lililomuua, lakini nilirusha." Watu wa yule mtu walijulikana walikohamia, mwendo wa nusu siku tu, na yeye hakwenda kwao, mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Tuliyekuwa tukimwita mkali alikuwa ametembea na kitu hicho kifuani tangu ujana wake.

Tarehe 14 Desemba 1996, mjini Nakuru, alifunga ndoa takatifu na Serah, mhasibu wa benki, mwanamke ambaye sauti yake haipandi hata nyumba ikiwaka, na Mungu alijua alichokuwa akifanya alipowaweka wale wawili chumba kimoja. Walibarikiwa watoto wawili, Sidney Karanja, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2000, na Wairimu, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2004, wote hapa Johannesburg, wote wanaelewa kila neno linalosomwa sasa ingawa ukiwasemesha Kiswahili watakujibu kwa Kiingereza, na wakigombana wao kwa wao ni Kizulu kitupu.

Marehemu aliingia Johannesburg tarehe 3 Machi 1998, alipopata kazi katika maabara ya sauti ya chuo kikuu kule Braamfontein, akaanza kama fundi wa kawaida na kustaafu Desemba 2024 akiwa mkuu wa maabara. Aliapa kwamba Molo hatarudi, hata maiti yake isirudishwe, kwa kuwa shamba la baba yake linalimwa na wengine, na ndiyo maana leo tunamzika huku, ili wale wazee wa nyumbani wanaonong'ona kwamba Serah amewanyima maiti wapate kusikia kutoka kwa dada yake wa damu.

Sasa mnaofanya biashara Marshalltown mtakumbuka, mwaka 2001, mtu mzima aliyepiga magoti kando ya barabara mbele ya pasi mbovu na viatu vya marehemu wasiojulikana, akashika rundo la santuri na kupiga ukelele uliomfanya muuzaji adhani ameumwa na nge. Zilikuwa santuri zilezile za Waayalandi wa New York, zililetwa hapa na wachimbaji wa dhahabu waliotoka huko kwao, wakazipiga kwenye vyumba vyao vya mgodini wakilia kama Devaney, wakafa, na wajukuu wakauza nyumba na vyote vilivyomo. Tangu siku hiyo kila Jumamosi alizisaka, kwenye minada, kwenye magereji, kwenye nyumba zilizofiwa, hadi chumba cha tatu cha nyumba yao ya ghorofani hapa Yeoville, ambacho Serah alikipanga kiwe cha wageni, kikawa cha watu waliokufa zamani wakipiga fidla, filimbi na lile zumari la kifuko ambalo mpigaji halipulizi kwa mdomo bali hulijaza upepo kwa kiwiko.

Alizisafisha kwa maji na tone la sabuni, na ole wake aliyekaribia na spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha santuri ya namna hiyo na kuondoka na sauti ya mtu. Kisha alitafuta mwendo wa kila moja, yaani kasi ya kuizungusha. Mitambo ya enzi zile haikuzunguka sawa, karatasi ya santuri ilisema hivi na mashine ilikwenda vingine, hivyo ukiipiga kwa mwendo ulioandikwa, mpiga zumari anaweza kusikika kama kuku anayekimbizwa kwa kisu, na marehemu alikaa nayo, akipunguza kidogo, akiongeza kidogo, akisikiliza ule mlio mmoja unaounguruma chini ya wimbo bila kubadilika, hadi akasema, "Sasa ameketi kwenye kiti," na hapo ndipo aliponakili. Adui yake mkubwa alikuwa mpiga piano, kwani makampuni ya kurekodi yalikuwa yakiwawekea wale wanamuziki mpiga piano wa kukodi asiyejua nyimbo zenyewe, akawa anabamiza vitufe nyuma yao apendavyo, na Kang'ethe alimtukana mtu huyo, aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, kana kwamba yuko sebuleni: "Huyu ndiye aliyestahili fimbo ya Devaney!"

Mwezi wa Mei 2008, wageni walipokuwa wakiwindwa katika jiji hili, alisimamishwa na wanaume kwenye robot, yaani taa za barabarani, akitoka kazini kwa miguu, wakamshika kiwiko wakamuuliza kinaitwaje kwa Kizulu, lile swali lililokuwa likiulizwa mitaani ili kumtambua mgeni. Marehemu, ambaye kwa ajili ya mazumari yake alikuwa amejifunza kukitaja kiwiko kwa kila lugha aliyokutana nayo, aliwajibu sawasawa, "Indololwane," nao wakaangaliana, mmoja akasema lafudhi si yenyewe, wakamvunja goti la kushoto kwa bomba la chuma na kumwacha barabarani. Goti halikupona, na tangu hapo alitembea kwa bakora na hakuweza kubeba kitu kizito kushuka nacho ngazi.

Mtakuwa mnajiuliza Emery, yule ambaye mtaa mzima unamtaja wiki hii, anaingilia wapi. Emery ni Mkongomani wa Bukavu, mwenye miaka thelathini na minne, mume wa mtu na baba wa mtoto, mbeba mizigo anayekaa chumba cha chini katika jengo lilelile, na haisaidii kitu kumfanya malaika, Emery aliwahi kuiba. Mwaka 2021 alichukua simu ya Mama Biubwa, yule Mzanzibari anayeuza kanga na udi mlangoni mwa jengo, na mwaka 2022 alipanda akachukua amplifaya ya Kang'ethe, akakutwa nayo kwenye ngazi, na Kang'ethe akampiga kwa bakora hadi jino likaruka, akaendelea kumpiga hata baada ya jino, mpaka Serah alipomshika mkono na kumwambia, "Baba Sidney, inatosha, sasa unapiga mtu mwingine." Kesho yake Kang'ethe alimpeleka kwa daktari wa meno, akakaa naye kwenye foleni asubuhi nzima bila kumwomba msamaha kwa mdomo, maana hakujua kuomba, na tangu siku hiyo kila kitu cha Kang'ethe kilichopanda au kushuka kilibebwa na Emery.

Baada ya wizi ule wapangaji walifanya mkutano, na marehemu ndiye aliyependekeza sheria ambayo jengo zima linaifuata hadi sasa, kwamba mtu akibeba mali ya mwenzake kwenda nje, mwenye mali atembee mbele yake hadi getini, watu wamwone kwa macho. Mbeba mizigo asiye na mtu mbele yake asimamishwe. Sheria ilikuwa nzuri, ilipunguza wizi, na wenyeji wa jengo waliishika kama sala.

Siku ya Jumamosi tarehe 17 Mei 2025, mchana, chuo kikuu kilikuwa kimekubali kuzipokea santuri zote zihifadhiwe Braamfontein, pikapu imeegeshwa nje, na Kang'ethe alishuka mbele ya Emery na kreti ya kwanza, ya pili, na ya tatu, ngazi zote, goti likimwuma hadi jasho likamtoka. Kreti ya mwisho ilipofungwa alikumbuka kwamba santuri moja imebaki juu ya mashine, ile isiyo na karatasi ya jina, ya mpiga fidla asiyejulikana, ambayo kwa miaka mingi alishindwa kuupata mwendo wake, na hakutaka mtu mwingine aishike. Akamwambia Emery, "Tangulia, nakuja."

Emery akatangulia. Mama Biubwa, ambaye kreti tatu za mwanzo zilipita akiwa ndani anaswali Alasiri, alifungua duka na kumwona mwizi wa simu yake akitoka na mali ya Kang'ethe, na mbele yake hakuna mtu, akapiga kelele kama ambavyo yeyote kati yetu angepiga, "Mwizi!" Neno hilo moja halihitaji mkalimani Yeoville, Mtanzania analijua, Mkenya analijua, Mkongomani na Mrundi wanalijua, na siku hizi hata wenyeji wanaosema Kizulu wanalijua. Watu wakatoka saluni, wakatoka kwa mafundi cherehani, wakatoka kwenye spaza, vile viduka vya mtaani. Emery alisimama akasema, "Haki ya Mungu mi siko mwizi, ni papa Kang'ethe alinituma," akapigwa ngumi ya mdomo katikati ya sentensi, kreti ikamtoka, santuri zikamwagika kwenye lami na kupasuka, na kishindo hicho kikawapandisha watu mori zaidi, wakadhani anaharibu mali makusudi. Wakamwangusha, wakamkanyaga kichwa, mmoja akaleta tairi, mwingine akaja na petroli kwenye chupa ya soda, na Mama Biubwa alipoona tairi aliingia ndani, akafunga mlango na kuziba masikio.

Kang'ethe alikuwa bado juu, hajaiinua ile santuri kwenye mashine, aliposikia mlio wa santuri zikipasuka. Alishausikia mara moja maishani, mtaroni Molo, na wanaoishi ghorofa ya kwanza wanasema hawakujua mzee mwenye goti bovu anaweza kushuka namna ile, bila bakora, akijitupa kutoka ukuta hadi ukuta. Alifika akipiga kelele, "Nimemtuma mimi! Nimemtuma mimi!" na watu wakamsukuma kando kwa heshima zote, wakimwambia, "Kaa pembeni mzee, eish, tunakusaidia wewe." Hicho ndicho kinachoiuma familia kuliko vyote, kwamba walikuwa wakimsaidia. Alipoona hasikilizwi alijilaza juu ya Emery, kifua juu ya mgongo, juu ya vipande vya santuri, petroli ikamlowesha yeye, na aliyekuwa ameshainua tofali hakulishusha, akalirusha, na likampiga Kang'ethe kisogoni. Mtaa mzima ukatawanyika kabla damu haijafika kwenye mtaro.

Aliyebaki ni Emery. Alimwinua akiwa yeye mwenyewe jicho moja halifunguki, akamlaza kwenye ile pikapu ya santuri, dereva wake, aliyekuwa amekwenda kula na hakuona kitu, akaendesha, naye akakipakata kichwa chake mapajani hadi hospitali, na huko, kwa kuwa alikuwa amelowa damu ya marehemu kuanzia kola hadi viatu, polisi walimkamata. Walipokuja Yeoville kuuliza, watu wakasema ni yeye. Walisema aliiba, mwenye mali akamfuata, naye Emery akampiga tofali. Waliosema hivyo si mmoja wala wawili, na wengine wamevaa vizuri sana leo.

Marehemu alikaa hospitali bila kusema hadi siku ya Jumanne, alipofumbua macho, akamtambua Serah na kuomba maji, na alipokwisha kunywa, na kuambiwa kwamba Emery yuko mikononi mwa polisi, akamwambia mambo mawili. La kwanza, "Emery hakuiba, mtoeni." La pili ni jina. Alisema kabla hajalala juu ya Emery alimwona mwenye tofali, wakaangaliana, na alimjua, akalitaja jina lake kamili na mlango anakokaa. Serah akainuka palepale atafute polisi, naye akamshika nguo kwa nguvu zilizobaki akamwambia, "Mpe nafasi mpaka mnizike. Mimi sikwenda kwa wale watu, miaka yote hii sikwenda, na nilitaka mtu anisukume. Yeye mwacheni aende kwa miguu yake mwenyewe." Serah akakubali. Aloysius Kang'ethe Karanja alifariki dunia kesho yake, Jumatano tarehe 21 Mei 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Nyokabi angependa ijulikane kwamba yeye hakukubali. Kama ni yeye angelisoma jina hilo hapa mwanzo kabisa, kabla ya salamu. Ahadi aliyopewa marehemu imemfanya Emery alale rumande siku zote hizi akiwa na mbavu zilizovunjika, na mke wake yuko humu, mlango ule wa pembeni, amesimama na mtoto mgongoni kwa sababu alipoingia hakuna aliyemsogezea kiti. Serah alikwenda kituoni akaeleza kwamba Emery hana hatia, akaambiwa hakuwepo, hakuona. Mama Biubwa alikwenda akaeleza kwamba kelele zilikuwa zake na zilikuwa za makosa, akaambiwa alifunga mlango, hakuona. Anatakiwa aliyeona. Walioona wamejaa humu ndani na wamesimama hadi nje.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao walimhudumia usiku na mchana na hawakutuficha kitu. Inawashukuru wenzake wa Braamfontein, waliokuja wakapiga magoti barabarani na Sidney, wakaokota vipande vya santuri kwa mikono na kuvitia kwenye mashuka, na ambao wametuambia kwamba kreti tatu ziko salama na ile moja iliyobaki juu ya mashine nayo ni salama, wataendelea kuutafuta mwendo wake. Inamshukuru Mama Biubwa, ambaye alikuja mlangoni siku ya kwanza, akakaa sakafuni na kusema lililo lake bila kuzunguka, na Serah amemwita dada. Inamshukuru mchungaji, ambaye alitaka kutuhubiria yale maandiko ya jiwe la kwanza, tukamwomba atafute mengine, kwa sababu huku kwetu jiwe la kwanza lilisharushwa.

Hapa ndipo historia ya namna hii husema kwamba familia inawashukuru majirani wote, na tumekaa na sentensi hiyo wiki nzima mezani, tukiiandika na kuifuta. Mmetuletea unga, mmetuletea makaa, mmelala sakafuni kwetu mkitufariji, na hayo ni ya kweli na tumeyaona. Lakini neno wote halitoki.

Aliyerusha tofali yumo humu ukumbini. Wiki hii amechota maji, amepanga viti, na ameomba awe miongoni mwa wabeba jeneza, na Serah, ambaye analijua jina lake, alimtazama usoni akamwambia, "Sawa, beba." Kwa hiyo atabeba. Kutoka hapa hadi makaburini si mbali, na kufukia kaburi ni kazi fupi kwa mtaa wenye vijana wengi kama huu, na mpaka hapo nafasi aliyoachiwa na marehemu ni yake, hakuna atakayemgusa wala kumnyooshea kidole. Udongo ukishasawazishwa, Serah ataingia kwenye gari la Sidney na nguo hizihizi nyeusi, atakwenda kituoni moja kwa moja, na jina litatajwa. Kiti cha nyuma cha gari hilo kiko wazi, kwa yeye, au kwa yeyote aliyeona akanyamaza.

Kang'ethe, mwana wa Karanja, umefanya uliyoweza kuyafanya na mengine umetuachia, nenda ukapumzike kwa amani. Wabeba jeneza, sogeeni mbele.